Mgeni na Mwenyeji: Malindi katika Historia ya Mwambao wa Waswahili



1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husemwa mara nyingi katika miji ya mwambao, na wengi huichukua kuwa ushahidi wa ukarimu wa Waswahili. Lakini wahenga hao hao walituachia methali ya pili inayoirekebisha ile ya kwanza: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili zikisomwa pamoja huunda kanuni kamili ya maisha ya jamii. Mgeni hupokewa kwa furaha, kisha hutakiwa ajiunge na kazi ya mji. Akikubali, kwa taratibu hugeuka mwenyeji. Akikataa, hana budi kuendelea na safari yake.

Katika mhadhara huu ninakusudia kuzitumia methali hizo kama taa ya kuimulika historia ya mji mmoja mdogo wa pwani ya Kenya, yaani Malindi. Mji huu uko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-mashariki ya Mombasa, karibu na mahali ambapo Mto Sabaki unaingia baharini. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019 una wakazi wapatao 120,000. Ulimwenguni unajulikana kwa mambo mawili: kutua kwa Vasco da Gama mwaka 1498, na hoteli zilizopangana ufuoni. Mambo yote mawili yanahusu wageni. Ukisoma vijitabu vinavyouzwa madukani, utadhani Malindi ni ukumbi mtupu ambamo wapita njia wamekuwa wakiingia na kutoka kwa muda wa karne sita, na kwamba waliokuwa wakiufagia ukumbi huo hawakuwa na historia.

Hoja yangu ya msingi ni kwamba historia ya Malindi haiwezi kueleweka bila ya kuuliza, katika kila kipindi, nani alihesabiwa kuwa mgeni, nani alihesabiwa kuwa mwenyeji, na nani alishika jembe. Nitaonyesha kuwa majibu ya maswali hayo yalibadilika mara kadhaa, na kwamba mara nyingi yaliamuliwa na wenye nguvu wala si na wakaaji wa mji. Aidha, nitajaribu kuonyesha kwamba sisi wanafunzi wa lugha ya Kiswahili tunayo sababu ya pekee ya kulijali suala hili.

2.0 Malindi ya Kale: Siasa ya Ukarimu

Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kazi yake mwaka 1154, anataja mji wa Malindi wenye wawindaji, wavuvi na machimbo ya chuma. Wanaakiolojia wangali wakijadiliana iwapo mji alioukusudia ndio huu wa leo au ni mwingine ulio jirani. Lililo wazi ni kwamba kufikia karne ya 15 Malindi ilikuwa na uhusiano na dunia pana. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walimfikishia mfalme Yongle wa China zawadi ya twiga, na katika miaka iliyofuata merikebu za Zheng He zilifika katika pwani hii. Kusini mwa mji, magofu ya Gede yenye misikiti, kasri na visima yanathibitisha kwamba ustawi huo haukuwa wa bandari moja tu. Magofu hayo, yaliyochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Maisha ya mji wa aina hii yalifuata pepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi iliviondoa. Kati ya pepo hizo mbili palikuwa na miezi ambayo mgeni hakuweza kuondoka hata angetaka. Alihitaji nyumba ya kulala, ghala la kuwekea bidhaa, mtu wa kumdhamini na, mara nyingi, mke wa kumtunza. Kwa hiyo ukarimu wa mwambao haukuwa tabia njema pekee. Ulikuwa mfumo wa uchumi wenye masharti yake, na mgeni asiye na mwenyeji wa kumshika mkono hakuweza kununua wala kuuza.

Tukio la Aprili 1498 lieleweke katika muktadha huo. Vasco da Gama alifika Malindi baada ya kukorofishana na watu wa Mombasa. Mtawala wa Malindi alimpokea vizuri, akampa vyakula na rubani wa kumvusha Bahari ya Hindi, na tarehe 24 Aprili, pepo zilipoanza kugeuka, Wareno waling'oa nanga na kufika Calicut mwezi uliofuata. Kwa muda mrefu vitabu vimedai kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa mashuhuri wa elimu ya bahari. Utafiti wa baadaye umelikataa dai hilo. Maandishi ya Wareno wenyewe yanamweleza kuwa Mgujarati. Dogo kama linavyoonekana, kosa hili lina funzo. Wasimuliaji walihitaji jina kubwa, wakaliazima. Mfanyakazi halisi aliyeongoza chombo akabaki bila jina.

Kwa nini Malindi iliwakaribisha Wareno ilhali Mombasa iliwapinga? Jibu limo katika ushindani wa miji hiyo miwili. Malindi ilikuwa dhaifu zaidi, na ikaona katika mgeni mwenye mizinga mshirika wa kumtisha jirani. Kwa muda hesabu hiyo ilionekana sahihi. Mwaka 1505 Wareno waliposhambulia Kilwa na Mombasa, Malindi iliachwa salama. Mwaka 1589 Wazimba walipoujia mji, Wasegeju ndio waliowashinda na kuuokoa. Baadaye Mombasa ilipoanguka, Wareno walimhamishia mtawala wa Malindi huko na kumpa kiti cha mahasimu wake, na mwaka 1593 ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza.

Hapo ndipo malipo ya ukarimu yalipodhihirika. Ukoo wa kitawala wa Malindi ulipata Mombasa, lakini mji wenyewe ulipoteza mtawala, biashara na ulinzi. Kizazi kilichofuata kiliona mwisho wa mkataba huo kwa namna ya kusikitisha. Yusuf bin Hasan, mrithi wa ukoo huo, alilelewa Goa, akabatizwa na kurudishwa Mombasa kuwa mfalme mwenye jina la Kireno. Mwaka 1631 aliasi, akamuua kapteni wa Ngome na kuurudia Uislamu. Mjukuu wa wenyeji walioukaribisha msalaba ndiye aliyeukataa kwa upanga. Malindi yenyewe ilizidi kudhoofika katika karne ya 17, ikisukumwa na mashambulizi ya Waoromo kutoka bara, hadi nyumba zikaliwa na msitu.

Katika utenzi mkuu wa Wareno, Os Lusíadas wa Luís de Camões, uliochapishwa mwaka 1572, mfalme wa Malindi anapewa nafasi ya heshima: anamsikiliza Vasco da Gama akimsimulia historia ndefu ya Ureno. Mgeni anazungumza, mwenyeji anauliza, kisha anasikiliza. Naamini kwamba mgawanyo huo wa kazi haujakoma. Nguzo yenye msalaba wa mawe ya chokaa kutoka Lisbon ingali imesimama juu ya mwamba ufuoni, na ndiyo alama ya mji inayopigwa picha zaidi.

3.0 Malindi Mpya: Mji Uliojengwa kwa Jembe

Mji tunaouona leo si mwendelezo wa moja kwa moja wa ule wa karne ya 15. Ulianzishwa upya kuanzia mwaka 1861, chini ya Sayyid Majid wa Unguja, aliyepeleka askari na kuwatia moyo walowezi. Waliokuja walikuwa Waarabu wa Oman na wa Hadhramaut, Waswahili wa Lamu na Wabajuni, pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi waliokopesha mitaji. Katika muda wa miaka michache msitu ulifyekwa, na Malindi ikawa ghala la nafaka la pwani. Mtama, ufuta, kunde na mahindi vilijazwa majahazini kupelekwa Uarabuni na katika miji mingine ya mwambao.

Ni nani aliyeufyeka msitu huo? Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani, ameonyesha kwamba uchumi wote wa Malindi mpya ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Wengi wao waliletwa kutoka maeneo ya Ziwa Nyasa na kusini mwa Tanganyika. Kazi ilipimwa kwa ngwe: kila mtumwa alipewa kipande chake cha ardhi cha kulima, na hakuachiwa mpaka akimalize. Msamiati wa mashamba ya mwambao umetuhifadhia ngazi nzima ya usimamizi: msimamizi, nokoa, kadamu. Leo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na maneno haya katika kamusi kama vito vya kale. Asisahau kwamba kila neno lilikuwa na mtu aliyesimama juani akimtazama mwingine akilima.

Tuirudie methali yetu. Katika Malindi ya wakati huo, mgeni aliyetoka Oman au Lamu hakupewa jembe siku ya tatu. Alipewa shamba. Jembe alipewa mtu ambaye hakuja kwa hiari yake. Na huyo mwenye jembe, hata akizeeka hapo na kuzaa watoto hapo, hakuitwa mwenyeji. Aliitwa mtumwa, na mwanawe aliitwa mzalia. Methali iliahidi kwamba kazi humgeuza mgeni kuwa mtu wa mji. Historia ya Malindi ilikwenda kinyume kabisa na ahadi hiyo, kwani waliofanya kazi ndio waliozuiliwa wasiwe watu wa mji.

Si wote waliokubali. Neno watoro, ambalo siku hizi tunalitumia zaidi kwa wanafunzi wanaokwepa shule, lilikuwa jina la jamii kamili. Watumwa waliokimbia mashamba ya Malindi walianzisha vijiji vyao bara ya mji, kama vile Makongeni na Fuladoyo, wakilima, wakioa na kujilinda kwa silaha. Hawa nao walikuwa waanzilishi wa miji, ingawa hakuna nguzo iliyosimamishwa kwa ajili yao.

Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya. Fidia ililipwa kwa mabwana. Aliyekuwa mtumwa hakupewa kitu. Mwaka uliofuata, 1908, ilitungwa sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila anayedai shamba katika mwambao alete ushahidi. Aliyekuwa na karatasi, au mashahidi wanaosikilizwa na afisa, alipata hati. Aliyekuwa na jembe tu alijikuta akiishi katika ardhi ya mtu mwingine. Hapa ndipo lilipozaliwa tabaka ambalo Kiswahili cha Kenya kinaliita maskwota: watu wanaojua kila mwembe na kila mnazi wa mahali fulani, lakini hawamiliki hata shina moja kwa sheria. Suala la ardhi linaloitikisa pwani hadi leo lina mizizi yake katika miaka hiyo miwili, 1907 na 1908.

4.0 Sabaki: Mto Uliotenga, Mto Unaounganisha

Baada ya watumwa kuyaacha mashamba, wenye hati hawakuwa na mikono ya kulima. Waliojaza pengo walikuwa Wagiriama, mojawapo ya makundi ya Wamijikenda, ambao tayari walikuwa wamesogea kaskazini wakitafuta ardhi yenye rutuba, na wengine wao walikuwa wamevuka Sabaki. Wao ndio waliokuwa wazalishaji wakuu wa nafaka iliyouzwa Malindi mwanzoni mwa karne ya 20. Ustawi wao huru haukuwapendeza watawala wa kikoloni, waliotaka vibarua wa mashamba na wapagazi.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mama wa makamo, aliwahamasisha watu wake wasitoe vijana wala kodi, akawaapisha. Yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola walikamatwa na kupelekwa mbali hadi Kisii. Walitoroka. Mnamo Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, na vita vikazuka. Nyumba zilichomwa, mifugo ikatwaliwa, faini ya rupia 100,000 ikatozwa, na Wagiriama wakaamriwa waondoke katika ardhi yote iliyo kaskazini ya Sabaki. Mto ukafanywa mpaka: upande huu mwenyeji, upande ule mvamizi. Amri hiyo haikudumu. Baada ya miaka michache watu walirudi, lakini walirudi katika ardhi ambayo sheria haikuitambua kuwa yao.

Naomba sasa nisimame kidogo katika jina hilo la Sabaki, maana linatuhusu sana sisi watu wa lugha. Mwaka 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha uchunguzi wao mkubwa wa historia ya Kiswahili na lugha zilizo ndugu zake wa karibu: Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro. Kundi hilo zima la lugha linaitwa Sabaki. Kwa hiyo mto ambao mwaka 1914 ulitumiwa kuwatenga watu ndio ambao isimu ya kihistoria imeutumia kutaja udugu wao.

Udugu huo hauhitaji darubini. Mswahili husema maji, Mgiriama husema madzi. Mswahili husema mji, Mgiriama husema mudzi, akimaanisha makao ya watu. Mswahili husema mgeni, Mgiriama husema mujeni. Na lile neno mwenyeji tulilolianza nalo, linaelekea kuundwa kwa maneno mawili, mwenye na mji. Kwa mantiki ya lugha yenyewe basi, mwenyeji ni yule mwenye makao, mwenye watu wake mahali hapo. Hakuna karatasi katika mzizi wa neno hili.

Hata hivyo, udugu wa lugha haukuzuia utengano wa jamii. Mjini palikuwa na tofauti kali kati ya muungwana na asiye muungwana, na Mgiriama aliyetaka kupokewa mara nyingi alitakiwa kusilimu, kubadili jina na mavazi. Waliofanya hivyo waliitwa mahaji, na hata wao hawakupewa daima nafasi sawa. Mwanaanthropolojia Janet McIntosh, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kilichotokana na utafiti aliofanya Malindi, ameeleza jinsi mpaka kati ya Mswahili na Mgiriama ulivyoendelea kulindwa kwa dini na kwa lugha katika siku zetu. Ni wajibu wetu kulikiri hili bila ya kulipamba. Taaluma ya Kiswahili ambayo husifu uungwana bila kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya uungwana huo, ni taaluma ya upande mmoja wa mto.

5.0 Ujio wa Watalii

Katika miaka ya 1930 Malindi ilipata kazi mpya. Walowezi wa Kizungu wa nyanda za juu za Kenya walianza kuteremka kupunga upepo, na hoteli za kwanza zikafunguliwa ufuoni. Mwandishi Ernest Hemingway alivua samaki wakubwa hapo mwaka 1934. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mnamo Oktoba 1940, ndege za Waitalia ziliushambulia mji kwa mabomu. Hakuna aliyeweza kubashiri wakati huo kwamba katika muda wa miongo michache Waitalia wangerudi Malindi kwa maelfu, wakiwa na mavazi ya kuogelea.

Walirudi kwanza kwa sababu ya sayansi. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Italia ilijenga kituo cha kurushia roketi juu ya majukwaa yaliyosimama baharini. Satelaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo mwaka 1967, ya mwisho mwaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa mahsusi kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wanaastronomia duniani kote wangali wanalitamka neno hilo wanapotaja orodha ya nyota iliyotokana na chombo hicho. Wanafunzi wa Kiswahili wachache mno wanajua kwamba neno la lugha yao lilipaa kutoka maji ya kijiji cha wavuvi.

Baada ya mafundi wa roketi walikuja wenye mitaji na watalii. Katika miaka ya 1970 na 1980 zilijengwa hoteli, nyumba za kifahari, mikahawa na kasino zenye wamiliki na wateja wa Kiitalia, hata watu wakauita mji huu Italia Ndogo. Inafaa kuona kwamba msimu wa wageni hawa uliangukia palepale pa zamani. Wao pia huja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari inapotulia. Kusi inapovuma na mvua za masika kunyesha, hoteli nyingi hufunga milango na wafanyakazi hurudishwa nyumbani bila mshahara. Jahazi limekuwa ndege, lakini kalenda ya mji ni ileile.

Tofauti iko katika masharti. Mgeni wa jahazi alihitaji mwenyeji ili apate nyumba na dhamana. Mgeni wa ndege huja akiwa amelipia kila kitu kwao, hulala ndani ya ukuta, hula ndani ya ukuta, na anaweza kurudi kwao bila ya kuongea na mtu wa mjini isipokuwa anayemletea chai. Ule mtandao wa kale uliomlazimisha mgeni kumtegemea mwenyeji umekatika. Kwa hiyo kupona kwa mwenyeji, kunakoahidiwa na methali, kumekuwa jambo la bahati: kidogo kwa dereva wa tuktuk, kidogo kwa mchonga vinyago, kidogo kwa mwenye mashua ya kioo.

Mfano wa bahari ni mzuri kwa sababu una pande mbili za haki. Mwaka 1968 maeneo ya matumbawe ya Malindi na Watamu yalitangazwa kuwa mbuga za baharini, za kwanza nchini Kenya. Ndani ya mbuga hairuhusiwi kuvua. Matumbawe na samaki wamenufaika, na hakuna mtu mwenye busara atakayetaka yaharibiwe. Lakini mvuvi wa Shela, mwenye ngalawa, mshipi na dema, alijikuta akipita juu ya samaki asioruhusiwa kuwagusa ili aende mbali zaidi, wakati mtalii akilipa kiingilio kuwatazama. Baadhi ya wavuvi waligeuza vyombo vyao kuwa vya kubebea wageni. Ujuzi wa mikondo, miamba na bamvua, uliorithiwa kwa vizazi, umekuwa ujuzi wa kumwonyesha mtu mwingine.

6.0 Lugha ya Ufuoni

Kwa mtafiti wa lugha, Malindi ya leo ni hazina. Katika soko moja utasikia Kiswahili chenye lafudhi ya Kimvita, Kibajuni, Kigiriama na Kiswahili cha Nairobi. Pembeni yake kuna Kiitalia, ambacho wachuuzi, mabichi boi na wahudumu wengi wamejifunza bila darasa wala kitabu. Kijana ambaye mtihani wa shule ulimhesabu kuwa ameshindwa anaweza kubishana bei, kutania na kusimulia kwa lugha nne. Shule haikumpima kwa kipimo hicho, na mara nyingi nasi hatukumpima. Tunapokusanya data tunakimbilia kwa wazee wa mjini wenye Kiswahili tunachokiona safi, na tunampita huyu akiwa amesimama mlangoni.

Msamiati nao umegeuka. Neno mgeni, ambalo zamani lilimhusu jirani, mkwe, mfanyabiashara na msafiri, mahotelini limekuwa jina la mteja. Mfanyakazi akisema wageni wapungua mwaka huu, anazungumzia mkate wake. Mlipuko wa ghasia baada ya uchaguzi mwishoni mwa mwaka 2007, mashambulizi ya kigaidi katika sehemu nyingine za pwani, na mwisho kabisa ugonjwa wa korona mwaka 2020, kila kimoja kilifunga milango ya hoteli kwa namna yake. Katika kila msukosuko watu walirudi kule kule: shambani, baharini, na kwa jamaa walioko ng'ambo ya Sabaki. Mji uliodhaniwa kuishi kwa wageni uliokolewa na jembe.

Liko neno lingine la kutazamwa: mtalii. Asili yake ni Kiarabu, na kitenzi talii kilibeba maana ya kutazama jambo kwa makini, kulisoma, kulichungua. Kwa maana hiyo ya asili, mtalii ni msomaji. Anayeupita mji bila kuusoma hajautalii, ameupitia tu.

7.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, nimejaribu kuonyesha kwamba Malindi imeanzishwa zaidi ya mara moja, na kwamba katika kila mara waliosimuliwa walikuwa waliofika kwa chombo, si waliolima, waliovua na waliojenga. Hali inaanza kubadilika. Leo mjini Malindi iko sanamu ya Mekatilili wa Menza, na kila mwaka Wagiriama humkumbuka kwa sherehe. Hivyo mji una kumbukumbu mbili: msalaba wa mgeni juu ya mwamba, na mama aliyekataa. Bado hakuna ya tatu, ya yule aliyepimiwa ngwe.

Sipendekezi kwamba nguzo ya Mreno ing'olewe. Napendekeza kazi tatu kwa wanafunzi walio mbele yangu. Kwanza, kukusanya masimulizi ya familia zenye asili ya watumwa na ya watoro, kwa staha na kwa idhini yao, kwani katika jamii zetu nasaba ni jambo linaloweza kujeruhi. Pili, kuandika historia ya majina ya mitaa na mashamba ya Malindi, maana mara nyingi jina ndiyo hati pekee ambayo asiye na hati aliiacha. Tatu, kukichunguza Kiswahili cha ufuoni kama lugha ya watu wazima wenye akili na kazi, badala ya kukihesabu kuwa uharibifu.

Kazi hizo zikifanywa, pengine tutaweza kuitumia tena ile methali ya pili kwa haki. Siku ya tatu mgeni apewe jembe. Na aliyelishika jembe kwa miaka mia moja na sitini aitwe, hatimaye, mwenyeji.